Kadi za mwisho kwenye vipindi vya televisheni vya Uingereza: unazisomaje ujue nani katengeneza, lini, na haki ziko kwa nani?

KandaZaZamani

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa orodha ya kanda za VHS na faili zilizonakiliwa kutoka kwenye kanda, zote vipindi vya Uingereza vya kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 2000. Nyingi hazina jalada wala maandishi ubavuni. Kinachobaki cha kutegemea ni ile kadi inayokuja baada ya majina ya waigizaji na mafundi: nembo ya kampuni, pengine na mstari mdogo wa hakimiliki, sekunde mbili tatu kisha giza.

Ninachotaka kuelewa: kwa nini vipindi vya zamani vya ITV (televisheni ya kibiashara ya Uingereza) havina nembo ya ITV, bali Thames, LWT (London Weekend Television), Granada, Yorkshire na wenzao? Zile namba za Kirumi ni mwaka wa kutengenezwa au wa kurushwa? Kadi ikisema kampuni moja imetengeneza "for" (kwa ajili ya) nyingine, mali ni ya nani? Na kampuni ikiwa imeshakufa, barua ya kuomba ruhusa ya kuonyesha kipindi naipeleka wapi?

Mifano miwili inayonichanganya zaidi ni Mind Your Language, ambayo nyingine zina kadi ya LWT na nyingine hazina, na Mr. Bean, ambayo nyingine ni Thames na nyingine Central.

Mzee wa Antena

Mkuu, anza na hili: ITV haikuwa kampuni moja. Tangu ilipoanza tarehe 22 Septemba 1955 ilikuwa mtandao wa kampuni zenye leseni, kila moja na eneo lake, zikipeana vipindi. Granada ilitengeneza Coronation Street kule Manchester, lakini mtu wa London aliitazama kupitia kampuni ya London. Kadi ya mwisho inataja aliyetengeneza, haitaji kituo kilichokuwa kinarusha siku ile. Kwa hiyo kanda iliyorekodiwa Leeds, ambako mwenye eneo ni Yorkshire, ikiwa na kadi ya Anglia, kipindi hicho ni cha Anglia. Usibabaishwe na sauti ya mtangazaji anayeingia baada ya kadi, huyo ni wa kituo.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hizi ziliweka nembo mwanzoni pia, pamoja na kipande kifupi cha muziki. Hiyo nayo ni ya mtengenezaji. Kama kanda imekatika mwisho, rudi mwanzo.

London ndiyo inayowachanganya wengi kwa sababu ilikuwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja: Thames siku za kazi, LWT kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Zote zilianza kurusha mwaka 1968.

Tarehe za kubadilika kwa leseni ndizo kipimo chako kikubwa. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1968 Thames ilizaliwa kutokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili za awali za ITV, ABC na Rediffusion, na LWT na Yorkshire zikaingia. Kuanzia Januari 1982 ATV ikawa Central, Southern ikaipisha TVS, Westward ikaipisha TSW. Tarehe 1 Januari 1993 Carlton ikachukua nafasi ya Thames, Meridian ya TVS, Westcountry ya TSW. Kadi ya Central haiwezi kuwa ya 1979, na kadi ya Southern haiwezi kuwa ya kipindi kilichotengenezwa 1985. Angalizo ni Thames tu: ilipopoteza leseni haikufunga mlango, iliendelea kama kampuni ya kutengeneza vipindi. Tamthilia ya polisi The Bill iliendelea kutoka kwao kwa miaka mingi baada ya 1992. Ukiona Thames usikate shauri kwamba ni kabla ya 1993.

Hapo jibu la Mr. Bean linajitokeza lenyewe. Watengenezaji walikuwa Tiger (baadaye Tiger Aspect), kampuni huru, na kipindi cha kwanza kilirushwa 1 Januari 1990 kupitia Thames. Thames ilipoondoka, vilivyofuata vilipitia Central. Jiko ni lilelile, aliyebadilika ni mnunuzi. Mind Your Language ni kinyume chake: LWT walitengeneza vipindi 29 kati ya 1977 na 1979 kisha wakaisimamisha. Mwaka 1986 kampuni huru ya TRI Films ikatengeneza vingine 13. Hivyo 13 havina kadi ya LWT kwa sababu LWT haikuhusika. Ziweke kwenye mafungu mawili kabisa, maana hata mwenye haki unaweza kukuta si mmoja.

Kipimo kingine ni neno "Colour". BBC2 ilianza rangi mwaka 1967, BBC1 na ITV tarehe 15 Novemba 1969. Kampuni zikaanza kujitangaza kwenye kadi: "Thames Colour Production" na kadhalika. Neno hilo lilitoweka rangi ilipokuwa jambo la kawaida, kwa hiyo likiwepo uko karibu na miaka ya 1970. Sasa, kati ya Novemba 1970 na Februari 1971 mafundi wa ITV waligoma kutumia mitambo ya rangi kwa ajili ya mzozo wa malipo, na vipindi vikarekodiwa vyeusi na vyeupe. Vipindi vya mwanzo vya tamthilia ya Upstairs, Downstairs vya LWT viliangukia humo. Ukikuta picha isiyo na rangi ya majira hayo usiandike "nakala mbovu" kwenye orodha yako.

Miaka ya 1990 kampuni zilimezana. Granada ilinunua LWT mwaka 1994 na Yorkshire pamoja na Tyne Tees mwaka 1997, Carlton ikanunua Central mwaka 1994. Februari 2004 Granada na Carlton wenyewe wakaungana kuwa ITV plc. Kadi zikabadilika hivi: Granada hadi 2005, ITV Productions kuanzia 2006, ITV Studios kuanzia 2009. Coronation Street imepitia zote tatu bila kuhama Manchester.

Mkutubi

Niongeze upande wa BBC, maana huko kadi ni kavu kuliko ITV na watu huipita haraka.

Mwaka wa Kirumi kwenye mstari wa hakimiliki ni wa kutengenezwa. Kipindi kilichokamilika Novemba na kurushwa Januari hubeba mwaka wa nyuma. Marudio hayabadilishi kitu, namba inabaki ileile. Mitaani husemwa kwamba namba za Kirumi ziliwekwa ili mtazamaji asijue anaonyeshwa kitu cha zamani. Iwe kweli au la, zinafanya kazi hiyo vizuri sana.

Kwenye VHS chafu hesabu herufi kabla ya kuzisoma. 1988 ni MCMLXXXVIII, herufi 11, ndiyo ndefu kuliko zote za karne ile. 1989 ni MCMLXXXIX, herufi 9. 1990 ni MCMXC, herufi 5 tu. 2000 ni MM. Urefu wa mstari peke yake unakutoa kwenye muongo mmoja kukuingiza mwingine. Makosa ya kawaida ni kusoma L kama I, na kuchanganya IV na VI, ambapo 1984 inageuka 1986. Kama mstari unaanza MCML, uko kati ya 1950 na 1989, na X zinazofuata ndizo zinazokupa muongo: mbili ni sabini, tatu ni themanini.

Nembo yenyewe pia ina tarehe. Visanduku vitatu vilivyoinama, vyenye vistari vya rangi chini yake, ni vya kuanzia 1988. Vilivyosimama wima, herufi za Gill Sans, ni vya kuanzia Oktoba 1997. Vya sasa, vidogo na vyenye nafasi kubwa kati yake, ni vya Oktoba 2021. Halafu tazama kama kuna jina la nchi: BBC Scotland, BBC Wales, BBC Northern Ireland. Hiyo ni idara iliyotengeneza. Doctor Who iliporudi mwaka 2005 ilitoka BBC Wales, na kuanzia 2023 Bad Wolf wapo pia kwenye kadi.

Jina la msambazaji ni jambo jingine. BBC Enterprises ikawa BBC Worldwide mwaka 1995, na Worldwide ikaunganishwa na BBC Studios Aprili 2018. Hayo majina kwa kawaida yanakuambia nakala ilitolewa lini kwa mauzo. Kipindi cha 1979 kinaweza kubeba BBC Worldwide kama kanda iliuzwa 1996. Andika tarehe mbili kwenye orodha, ya kipindi na ya nakala.

Na ukikuta "ar gyfer S4C", ni Kiwelshi. Ni lile lile "for": kimetengenezwa kwa ajili ya S4C, kituo cha Wales kilichoanza Novemba 1982.

MkatabaKwanza

Swali la "for" na swali la ruhusa yanakwenda pamoja.

Channel 4 ilipoanza tarehe 2 Novemba 1982 haikuwa na studio ya kutengeneza tamthilia zake. Iliagiza kutoka kwa kampuni za nje, na ndiyo iliyozifanya kampuni huru kuwa nyingi. Baadaye sheria ya utangazaji ya 1990 ikailazimisha BBC na ITV kuchukua robo ya vipindi vyao kutoka kwa kampuni huru, habari zikiwa nje ya hesabu. Ndipo kadi zikajaa majina: Hat Trick, Talkback, Tiger Aspect, Celador.

Lakini jina kubwa kwenye kadi halimaanishi umiliki. Soma mstari wenye alama ya ©. Zamani kituo kilicholipa gharama zote kilichukua na haki, kwa hiyo unakuta nembo ya kampuni huru juu na chini yake hakimiliki ya Channel Four. Sheria ya mawasiliano ya 2003 ilileta kanuni mpya za mikataba, na tangu 2004 hivi kampuni huru hubaki na haki huku kituo kikipata leseni ya kurusha. Mstari wa © ukahama kutoka kwa kituo kwenda kwa mtengenezaji. Kwa vipindi vya Channel 4 kuna kidokezo cha ziada: kabla ya 1993 jina la kisheria lina neno "Company", kuanzia 1993 ni "Corporation".

Maneno "in association with" (kwa kushirikiana na) yaogope kidogo. Mara nyingi yanataja aliyechangia fedha na kuchukua haki za eneo fulani, mfano Marekani au Australia. Huyo anaweza kuwa ndiye mwenye nakala iliyokufikia, lakini hana mamlaka ya kukupa ruhusa ya kwenu.

Kuhusu kampuni zilizokufa, njia ziko hivi. Granada, LWT, Yorkshire, Tyne Tees, Anglia, Central, Carlton na Meridian ziko ITV, andikia ITV Studios. ATV na filamu za ITC nazo ziliishia huko huko. Thames ni Fremantle, usiwaandikie ITV hata kama kipindi kilirushwa ITV maisha yake yote. Tiger Aspect iko chini ya Banijay. ABC ya miaka ya 1960, ile ya The Avengers, ni StudioCanal. Scottish na Grampian ni STV. Who Wants to Be a Millionaire? ilibuniwa Celador lakini muundo wa shindano sasa ni wa Sony, na hapo utakuta mwenye muundo na mwenye kipindi kilichorekodiwa wanaweza kuwa watu wawili.

TVS ndiyo kichwa maji. Baada ya 1992 ilinunuliwa na Wamarekani, ikauzwa tena na tena hadi ikaangukia Disney, na makaratasi mengi ya mikataba yalipotea njiani. Kupata kanda ya TVS ni rahisi, kupata mtu wa kukusainia ni kazi. Kama una vipindi vya TVS, viweke mwisho wa foleni.

Usije ukadhani kipindi cha 1970 kimeshakuwa cha bure. Uingereza hakimiliki ya filamu hudumu miaka 70 baada ya kufa wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa mswada wa filamu, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki ulioandikwa kwa ajili yake. Na kumiliki kanda halali kunakupa ruhusa ya kutazama nyumbani tu, ukumbini ni ombi jingine. Kwenye barua taja jina la kipindi, namba ya mfululizo na ya kipindi, mwaka wa ©, maneno yote ya kadi kama yalivyo, nchi, idadi ya maonyesho na kama kuna kiingilio. Ambatanisha picha ya kadi. Barua isiyo na hayo hurudishwa na maswali yaleyale.

KandaZaZamani

Nimeelewa sana, shukrani. Tatizo linalobaki: kwenye kanda nyingi mstari wa © ni ukungu mtupu. Nikisimamisha picha inatetemeka na namba hazisomeki. Kuna namna?

FundiDeki

Ipo, na usiifanye kwa kitufe cha kusimamisha cha deki. Ukisimamisha, deki huonyesha nusu tu ya mistari, na kichwa kinakwaruza sehemu moja ya mkanda muda wote huo.

Nakili kanda nzima kwanza, kwa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, bila kuondoa mpishano wa mistari (interlace, yaani kila fremu ni nusu mbili zenye mistari inayopishana), kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama FFV1 au HuffYUV. Ukinakili moja kwa moja kwenda MP4 ndogo, kodeki itafuta kilekile unachokitafuta, maana kwake herufi nyembamba na chenga ni kitu kimoja. Kama una kifaa cha kurekebisha muda wa mistari (TBC), kipitishe kati ya deki na kompyuta. Bila hicho kingo za herufi zinakuwa kama meno ya msumeno.

Kisha toa fremu zote za kadi kama picha. Sekunde 2 ni fremu 50. Tupa zile za mwanzo na mwisho ambapo kadi inafifia. Zilizobaki zipange zikae sawasawa juu ya nyingine, kwa kuwa picha ya VHS hucheza mstari mmoja au miwili juu na chini, halafu chukua thamani ya kati ya kila nukta, yaani mediani. Wastani nao unafaa: fremu 25 hupunguza chenga hadi moja ya tano. Ila mediani inatupa kabisa ile mikwaruzo myeupe inayotokana na mkanda kuchubuka, wakati wastani unaiacha kama kivuli. Programu yoyote ya picha yenye kupanga tabaka na kuchukua mediani inatosha, hata zile za wapiga picha za nyota.

Kadi ikiwa imetulia, usiondoe mpishano wa mistari. Nusu mbili za fremu ni za picha ileile, ukiziacha pamoja unapata mistari yote 576. Kuondoa mpishano ni kwa majina yanayopanda, na hapo tumia kichujio kama bwdif kipate picha 50 kwa sekunde.

Mambo matatu yanayoharibu kazi. La kwanza, faili iliyovutwa kutoka 4:3 kwenda 16:9. Nembo yenyewe ndiyo kipimo: visanduku vya BBC vya 1997 ni mraba kamili, vikionekana vinene kwa upana basi picha imevutwa. La pili, mstari wa © uliokatwa chini. Wachoraji waliuweka ndani ya eneo salama kwa sababu televisheni za zamani zenye chogo zilificha kingo, kwa hiyo kama umekatwa, kuna aliyekuza picha wakati wa kunakili. Tafuta nakala nyingine. La tatu, kanda zilizoletwa kutoka Marekani ni NTSC (mfumo wa picha wa Marekani), mistari 525, na deki ya kawaida ya PAL (mfumo wa Uingereza) huzionyesha picha ikibiringika au bila rangi. Hizo zinahitaji deki inayosoma mifumo yote, na zinakiliwe kwa 720 kwa 480.

Mhariri wa Usiku

Nidandie hapo kwenye eneo salama, kwa yeyote anayetengeneza kadi ya kampuni yake kwa ajili ya kituo cha Uingereza leo. Kwenye 1920 kwa 1080 maandishi yaache nukta 96 kila upande na 54 juu na chini. Mistari milalo ya nembo isiwe nyembamba kuliko nukta 3, la sivyo inametameta kwa sababu picha bado hupelekwa kwa mistari ya kupishana, 25 kwa sekunde. Kama nembo ina mstari mwembamba usioweza kuubadilisha, weka ukungu wa nukta moja kwa wima tu. Sauti ya nembo huhesabiwa ndani ya kipindi: jumla ni −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) na kilele kisizidi −3 dBTP (kipimo cha kilele cha sauti). Nembo nyingi hurudishwa kwa ajili ya mlio wake wa mwisho unaopita kilele, au kwa mmweko unaoangushwa na kipimo cha mimweko inayoweza kuamsha kifafa. Mimweko isizidi mitatu kwa sekunde.

Mkutubi

Jambo moja kwa KandaZaZamani kabla hujajaza orodha. Kadi hubandikwa upya. Vipindi vya zamani vikitolewa kwa DVD au kurudiwa kwenye vituo vingine, mara nyingi kadi ya awali hukatwa na kuwekwa ya mmiliki wa sasa, kwa hiyo unakuta tamthilia ya 1975 yenye ITV Studios mwisho. Linganisha herufi za kadi na herufi za majina yaliyotangulia. Majina yakiwa yametetemeka na kufifia kama filamu au kanda ya zamani, kisha kadi ikaja kali na safi kupita kiasi, au sauti ikakatika ghafla kabla yake, kadi hiyo si ya kipindi. Andika "kadi mbadala" na utegemee mstari wa © kama umo ndani ya majina yenyewe.